Je, Wajua? Nyuki wa Tabora na Msimu wa Kusajili

Je, wajua kwamba Tabora ulikuwa mji wa usajili hata kabla mpira wa miguu haujafika huku? Misafara ya Bagamoyo ilipoingia Kazeh, kama wageni walivyouita mji wakati huo, wapagazi wengi waliishia hapo. Tajiri alianza upya kutafuta watu wa kuendelea nao hadi Ujiji au kwingineko. Wapo waliochukuliwa siku hiyohiyo, wapo waliokaa vibarazani wakingoja kuitwa. Ukipita kambi ya klabu ya mji huu kabla ya msimu, utaona habari ileile, ila mzigo umebadilika.

Je, wajua mzigo wenyewe? Frasila mbili hivi, yaani kilo 32 au pungufu kidogo, begani, kwa safari ya miezi mitatu kutoka pwani. Wanyamwezi ndio waliosifika kuliko wote kwa kazi hiyo. Malipo yalikuwa vitambaa, hasa merikani, pamba iliyofumwa Marekani na kushushwa Unguja. Sehemu yake ilitolewa mapema, kabla mtu hajanyanyua kitu. Ndiyo ada ya usajili hiyo! Na kama ilivyo leo, walikuwapo waliopokea chao wakatoweka usiku. (Tusisahau kwamba njia hiyohiyo ilipitisha mateka waliofungwa minyororo, ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka safari.)

Mbele ya msafara alitembea kirangozi na bendera, mara nyingi kajitanda kitambaa chekundu. Hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Nahodha, basi.

Je, wajua kwamba klabu iliyoifanya Tabora ivimbe kichwa haikuzaliwa Tabora? Iliitwa Kitayosce, asili yake Kilimanjaro. Ilihamia huku, ikapanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2023/24, ikajiita Tabora United. Mashabiki wakaibatiza Nyuki wa Tabora, jina lisilohitaji maelezo kwa mkoa unaojulikana nchi nzima kwa asali yake ya miombo.

Je, wajua Nyuki hao walianzaje? Hapa lazima nikae kidogo. Agosti 2023, mechi yao ya kwanza kabisa ya Ligi Kuu, uwanja wa Azam Complex, Chamazi. Azam FC wanaingia kumi na mmoja. Tabora wanaingia wanane. Si kwamba wengine wamechelewa basi. Taratibu za usajili wao hazikuwa zimekamilika, kwa hiyo walibaki kuwa watazamaji kama mimi na wewe. Wanane wakajaribu kuuziba uwanja wa watu kumi na mmoja, na kila ukitazama ulikuta upande mmoja hauna mtu. Mabao yakaingia manne. Kisha hata hao wanane wakaanza kupungua kwa maumivu, hadi wakabaki chini ya saba, na sheria ya mpira inasema chini ya saba hakuna mechi. Mwamuzi akapuliza filimbi. Waliotoka kununua maji nje ya uwanja walirudi wakakuta watu wanaondoka.

Timu iliyoanza hivyo ungeiandikia nini? Ilihangaika msimu mzima, ikaangukia kwenye mchujo, ikafungwa na JKT Tanzania, ikabakiwa na kamba moja tu ya kushika: Biashara United ya Mara. Ikaishika. Ikabaki.

Je, wajua kwamba Wamarekani wana ratiba maalumu ya kambi za kabla ya msimu? Kwenye besiboli, kila Februari timu huhamia Florida au Arizona kufukuza baridi na kujifua. Orodha rasmi ni ya watu 40, wanaoanza msimu ni 26, lakini kambini huitwa na wengine wasiomo kwenye orodha: wazee wanaotafuta msimu mmoja wa mwisho, chipukizi, na waliotoka kupona magoti. Chicago White Sox walipoteza mechi 121 kati ya 162 mwaka 2024, na Februari iliyofuata wakaita watu kambini kama kawaida. Kwetu wangeshashuka daraja. Kule hakuna kushuka. Afrika Mashariki nayo imeonja: mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwasajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male.

Je, wajua Tabora iliwaita nani kambini mwaka 2024? Miongoni mwao walikuwamo Mkongomani Heritier Makambo na Yacouba Songne wa Burkina Faso, wote wawili waliowahi kutamba Yanga, pale Jangwani, kisha wakaondoka. Majirani wa kijiweni wakasema timu inaokota makombo. Na mechi ya kwanza ya msimu, Simba wakawapiga 3-0, wasemaji wakapata cha kusema.

Halafu ikaja Novemba 7, 2024. Tabora United 3, Yanga 1, na ni Dar es Salaam, si nyumbani. Offen Chikola alifunga mawili. Wiki moja na siku moja baadaye kocha wa Yanga, Miguel Gamondi, hakuwa na kazi.

Sasa je, wajua kwamba wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh Novemba 7, 1857? Siku ya 134 tangu waondoke pwani, wamechoka, homa imewakaba. Sidai kwamba tarehe zinazungumza. Nasema tu kwamba kama wewe ni mtu wa Tabora, Novemba 7 usiipangie harusi.

Je, wajua kwamba mji huu umewahi kuwa na timu nyingine za Ligi Kuu? Milambo, iliyobeba jina la Mtemi Mirambo wa Urambo. Rhino Rangers walipanda kwa msimu wa 2013/14, wakashuka msimu huohuo.

Mirambo huyo aliwahi kuifunga njia ya misafara kuanzia 1871, biashara ikakwama. Kabla ya kupita kwa mtemi yeyote ulitoa hongo, na wakati huo neno hilo lilikuwa na maana ya ushuru wa njia, halali kabisa, ukijadiliwa hadharani mbele ya watu. Mwaka 2025 klabu yetu ilibadili tena jina, ikawa TRA United, chini ya Mamlaka ya Mapato. Watoza ushuru wamerudi kwenye njia ya misafara, safari hii wamevaa njumu.

Je, wajua nani aliyesubiri usajili kuliko wote Tabora? David Livingstone. Machi 14, 1872 mpelelezi huyo aliagana na mwandishi wa habari Stanley hapa, akarudi kwenye tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji, lile lenye kuta nene za udongo ambalo leo ni makumbusho. Stanley alikwenda Unguja kumtafutia watu. Mzee akakaa miezi mitano akihesabu siku kwenye shajara yake. Watu zaidi ya 50 wakafika katikati ya Agosti, na tarehe 25 wakaondoka. Alifariki Mei 1873. Watu hao ndio waliomkausha, wakamfunga kwenye magome, wakambeba. Oktoba walipita tena Tabora, wakamkuta huko Mwingereza Cameron, aliyewashauri wamzike hapohapo. Wakakataa. Februari 1874 waliingia Bagamoyo, mzigo ukiwa begani.