Amana ya Anayetumwa

Asubuhi ya Februari 13, 1960, katika jangwa la Sahara karibu na Reggane, kusini mwa Algeria, Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza la atomiki. Nguvu yake ilikadiriwa kuwa kilotani 70, zaidi ya mara nne ya lile lililoiangamiza Hiroshima. Kufikia mwaka 1966, majaribio 17 yalikuwa yamefanyika katika ardhi hiyo ya Waislamu: manne hewani huko Reggane, na 13 ndani ya mlima huko In Ekker.

Tunawakumbuka leo waliotumwa kuyakaribia: vijana wa jeshi la Ufaransa, wengi wao wakitumikia kwa lazima ya sheria, na vibarua wa Kialgeria. Aprili 25, 1961, baada ya mlipuko wa nne, askari walipelekwa kufanya mazoezi ya vita katika eneo lililochafuliwa. Ripoti ya kijeshi iliyofichuliwa mwaka 2010 ilionyesha kwamba lengo lilikuwa kuchunguza athari za silaha hiyo katika mwili na nafsi ya mwanadamu.

Mei 1, 1962, mlima wa In Ekker ulishindwa kuuzuia mlipuko. Wingu la sumu likatoka, watu wakakimbia ovyo, wakiwemo mawaziri wawili, Pierre Messmer na Gaston Palewski. Palewski alifariki mwaka 1984 kwa saratani ya damu, akiamini kwamba chanzo chake kilikuwa siku ile.

Mionzi ya nyuklia haina rangi wala harufu. Vumbi lake huvutwa kwa pumzi, likaharibu chembe hai za mwili kimya kimya, na saratani huweza kujitokeza baada ya miaka mingi. Hivyo askari alirejea kwao akionekana mzima, akaoa, akazaa. Maradhi yalipomfika, ushahidi ulikuwa katika makabati ya serikali, si mikononi mwa mkewe.

Sheria ya kuwalipa fidia waathirika, na warithi wao, ilitangazwa rasmi Januari 5, 2010, karibu miaka 50 baada ya mlipuko wa kwanza. Hata hapo, madai mengi yalikataliwa kwa hoja kwamba hatari ilikuwa ndogo mno. Kifungu hicho kiliondolewa mwaka 2017.

Dini yetu imemharamishia muuzaji kuficha kasoro ya bidhaa yake. Ikiwa kuficha tundu la nguo ni khiyana, tuseme nini juu ya kumficha mtu hatari ya kifo? Amri ya mkubwa haiondoi haki ya mdogo ya kuelezwa.

Nasi katika majumba yetu tujihesabu. Tumtumapo kijana kunyunyiza dawa ya wadudu au kuingia shimo la maji machafu, tumweleze kwanza madhara yake, tumpe kinga, kisha tumwachie hiari. Kila aliyetumwa ana mama anayemngoja.

Wabillahi tawfiq.