Nchi Jirani: Dawa Ndani ya Maziwa

Katika nchi jirani ya Kenya sehemu kubwa ya ng'ombe wa maziwa haimo katika mashamba makubwa. Imo katika maboma ya wakulima wadogo wa Kiambu, Nyandarua na Meru, mkulima mmoja akiwa na ng'ombe wawili au watatu. Maziwa mengi ya wakulima hao humfikia mnywaji bila kupita kiwandani. Kwa hiyo atakaye kujua ng'ombe wa Kenya hupewa dawa kiasi gani anayo kazi ngumu: hakuna lango moja la kusimama na kuhesabu.

Ugonjwa unaosababisha dawa nyingi kutumika ni ule wa kiwele. Vijidudu huingia kwa tundu la chuchu, kiwele huvimba, na maziwa hutoka na mabonge. Mkulima aonapo hasara hukimbilia duka la dawa za mifugo, akanunua mrija wa penisilini au chupa ya oksitetrasaiklini bila cheti cha daktari. Huo si ukaidi. Daktari huenda yuko mbali, na malipo yake pengine yanazidi thamani ya maziwa ya siku kadhaa.

Madhara yake ni ya namna mbili, nayo yafaa yatenganishwe. Kwanza ni mabaki ya dawa. Kila dawa ina idadi ya siku, iliyoandikwa juu ya chupa, ambazo maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa hayapaswi kunywewa wala kuuzwa. Kuyachemsha si kinga ya kutegemewa. Mama agandishaye maziwa huligundua jambo hili mapema, maana mtindi hukataa kuganda: dawa imeviua hata vile vijidudu vyema vinavyogandisha.

La pili ni zito zaidi, nalo ni usugu. Vijidudu dhaifu hufa, na vinavyoistahimili dawa hubaki vikazaana. Baadhi yake humfikia binadamu. Yafaa askari alitazame jambo hili kwa makini. Penisilini, iliyookoa majeruhi wengi katika Vita Kuu ya Pili, ndiyo hiyo inayotiwa katika chuchu za ng'ombe. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kuwa watu wapatao 1,270,000 duniani walikufa mwaka 2019 kutokana moja kwa moja na vijidudu sugu.

Kenya ilitoa sera yake ya taifa juu ya usugu mwaka 2017, na Tanzania ikaanza mpango wake mwaka huo huo. Lakini sera haihesabu chupa.

Nchi iliyohesabu ni Uholanzi. Mwaka 2010 iliunda chombo maalumu cha kusimamia dawa za mifugo, na kila dawa iliyotolewa ikaandikwa kwa jina la shamba. Mfugaji akalinganishwa na wafugaji wenzake. Aliyezidi kipimo akatakiwa ajirekebishe pamoja na daktari wake. Zamani ng'ombe karibu wote walitiwa dawa walipoachishwa kukamuliwa kabla ya kuzaa, wawe wagonjwa au wazima. Desturi hiyo ilikomeshwa. Sasa hupimwa kwanza chembe zilizomo katika maziwa, na mwenye kiwele kizima huachwa. Kati ya mwaka 2009 na 2013 mauzo ya dawa hizo kwa mifugo yote yalipungua kwa zaidi ya nusu.

Uholanzi, hata hivyo, ina mashamba makubwa na daktari kila upande. Kenya haiwezi kuuchukua utaratibu huo mzima mzima. Ilicho nacho ni vyama vya ushirika na vituo vya kukusanyia maziwa, ambako mkulima hufika na ndoo yake kila asubuhi. Hapo ndipo daftari linapoweza kuwekwa, maziwa yakapimwa mabaki, na mkulima akafundishwa kunawa mikono, kuosha kiwele, kukamua matone ya kwanza katika kikombe cheusi ili mabonge yaonekane mapema, na kuzichovya chuchu katika dawa ya kuua vijidudu baada ya kukamua.

Kwa kikosi chenye ng'ombe wake daftari ni jepesi zaidi, kwa kuwa boma ni moja na mkuu ni mmoja: jina la ng'ombe, dawa aliyopewa, tarehe, na siku ambayo maziwa yake yataruhusiwa kurudi jikoni.