Shimo la Chokaa Hufungwa Kabla ya Kuchimbwa

Saruji inayojenga maghorofa ya Kitengela huanza kama mwamba. Kaunti ya Kajiado, Kenya, ina mawe ya chokaa na jasi, na viwanda vya saruji vya Athi River havina haja ya kutafuta mbali. Kazi hufanywa kwa timbo la wazi: udongo wa juu huondolewa, baruti hupasua mwamba, malori hubeba mawe, na shimo huzidi kushuka. Mwamba ukiisha, shimo hubaki. Mvua ikinyesha maji hutuama humo, mbuzi huteremka kunywa, watoto wanaochunga huingia kuoga, na kuta zilizokatwa wima hazina pa kushika.

Mawe ya chokaa yana nafuu moja. Katika migodi mingi ya dhahabu, mwamba wenye salfaidi hugeuza maji kuwa tindikali pindi ukikutana na hewa na mvua. Chokaa kwa kawaida haifanyi hivyo. Hasara ya Kajiado ni vumbi, ni visima, na zaidi ya yote ni malisho.

Kwa hiyo nitausemea udongo wa juu, maana ndio unaopuuzwa zaidi. Sentimita 20 au 30 za kwanza ndizo zenye mbegu, mizizi na viumbe vidogo vinavyolisha nyasi. Mchimbaji mwangalifu huuondoa peke yake na kuuweka mbali na kifusi, katika rundo lisilopita mita 2 au 3, kwa sababu rundo refu hunyima hewa udongo wa chini na viumbe vyake hufa. Juu yake huotesha nyasi ili upepo na mvua visiuchukue. Udongo ukichanganywa na kifusi siku ya kwanza, hakuna fedha zitakazoutenganisha baadaye. Hapo huota magugu kama ipomea, ambayo tayari yamevamia malisho mengi ya Kajiado na kuzisonga nyasi.

Kenya ina mfano wa ukarabati unaojulikana duniani. Huko Bamburi, Mombasa, mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti katika matimbo ya chokaa ya matumbawe yaliyoachwa bila udongo wowote. Alijaribu aina 26, zikastahimili 3 tu, mvinje ukiwa mmojawapo. Mvinje una bakteria mizizini wanaoupatia naitrojeni, lakini majani yake magumu yalirundikana bila kuoza. Ndipo Haller akaleta majongoo wenye miguu myekundu. Waliyatafuna majani hayo, kinyesi chao kikawa mwanzo wa mboji, na kwa miaka mingi msitu ukakua pale ambapo leo ni Haller Park.

Napenda kisa hicho, ila wanaotaka kukihamishia Kajiado wanakosea. Kajiado ya kati hupata takriban nusu ya mvua ya Mombasa, na mfugaji aliyepoteza ng'ombe katika ukame wa 2020 hadi 2023 anahitaji nyasi kuliko kivuli cha msitu. Hapa timbo lifungwe kwa kulaza kuta ziwe miteremko ya polepole, kurudisha udongo, kupanda nyasi za asili, kisha kuzuia mifugo mpaka nyasi zitoe mbegu. Wamasai wanaijua kazi hiyo: olopololi, malisho ya ndama yanayotengwa karibu na boma, hutunzwa kwa njia hiyo hiyo.

Sheria ipo. Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka mwenye leseni awe na mpango wa ukarabati na ufungaji wa mgodi, na aweke dhamana ya fedha ya kulinda mazingira. Dhamana hiyo ndiyo kiini cha jambo lote. Kampuni ikifilisika au ikiondoka usiku, fedha za kuziba shimo ziwe zimekwisha wekwa.

Rombo ya Kajiado, chini ya Kilimanjaro, ina jambo lake. Chemchemi na mifereji ndiyo inayonywesha mashamba ya vitunguu na nyanya, na shimo linaloshuka chini ya kina cha maji ya ardhini hulazimu maji hayo yavutwe kwa pampu, hata visima vya jirani vikapungua. Kwa ardhi ya jamii iliyosajiliwa, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inadai mkataba wa uwekezaji uidhinishwe na theluthi mbili ya watu wazima katika mkutano wenye akidi, na umlazimishe mwekezaji kuikarabati ardhi akimaliza au akiiacha. Ranchi ya jamii ikishagawanywa, kama ilivyotokea Kitengela tangu miaka ya 1980, mwenye hatimiliki hukaa mezani na kampuni peke yake, bila kinga ya mkutano.

Ndugu zangu wa Rombo, kabla ya kutia sahihi daini kuonyeshwa mpango wa kufunga na kiasi cha dhamana, na mkatae kusaini kama kimojawapo hakipo.