Kambi ya Julai Ipimwe Novemba

Kila mwaka shule za Ucheki zinapofungwa kwa likizo ya Julai na Agosti, familia za wamisionari wa Kimarekani wanaoishi nchini humo huingia katika kipindi chao kizito kuliko vyote. Kambi za vijana hufuatana. Asubuhi ni masomo ya Kiingereza, mchana michezo na matembezi milimani, jioni nyimbo, ushuhuda na mazungumzo juu ya Yesu katika vikundi vidogo. Shirika mojawapo linalojulikana kwa kazi hii ni Josiah Venture, lililoanzishwa mwaka 1993 na lenye kituo chake Malenovice, kwenye milima ya Beskydy. Makanisa ya Marekani hutuma timu za kujitolea. Familia ya mmisionari huzipokea, huwatafsiria wageni na kuwaunganisha na wenyeji. Kazi hii ina thamani, lakini haipo pale tunapoitafuta, yaani kwenye mikono iliyonyooshwa kumkubali Yesu usiku wa mwisho. Kambi ya Julai ipimwe Novemba, na wa kuipima ni kanisa la mahali pale.

Chini ya ukomunisti, wanafunzi wa Chekoslovakia walilazimika kusoma Kirusi. Baada ya mapinduzi ya 1989 wazazi wengi walitaka watoto wao wajue Kiingereza. Kambi nazo zilikuwa desturi ya Wacheki tangu zamani, ziwe za skauti au za Mapainia, jumuiya ya watoto ya chama cha kikomunisti. Kwa hiyo kumpata kijana wa kuja kambini si kazi ngumu. Ugumu huanza akirudi nyumbani. Katika utafiti wa Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, uliotolewa mwaka 2017, asilimia 72 ya Wacheki walisema hawana dini yoyote. Kijana aliyeguswa anarudi katika nyumba ambayo huenda hakuna anayesali, na katika darasa ambalo huenda yeye ndiye pekee mwenye maswali hayo. Asipokuwa na Wakristo wa rika lake pale mjini kwao, wiki ile itabaki kuwa likizo nzuri tu. Ndiyo maana kambi zilizopangwa vizuri huwatanguliza vijana wa kanisa la mahali: wao ndio wanaowaalika wanafunzi wenzao, wanaokaa nao vikundini, na wanaoendelea kukutana nao shule zikifunguliwa Septemba.

Nchi jirani ya Poland inathibitisha kwamba mgeni si kiini cha kambi. Mwaka 1954, Padre Franciszek Blachnicki alianzisha huko mafungo ya likizo yaliyokuja kujulikana kama Oasis. Yalidumu siku 15, na serikali ya kikomunisti iliyatazama kwa jicho baya. Hata hivyo vijana maelfu kwa maelfu walipitia humo, kwa sababu aliyetoka mafungoni aliingia katika kikundi cha parokia yake na kulelewa humo mwaka mzima.

Wanaopinga safari hizi wana hoja nzito, nayo ni gharama. Baada ya kimbunga Mitch kuipiga Honduras mwaka 1998, mtafiti Kurt Ver Beek alilinganisha nyumba zilizojengwa na timu za Amerika Kaskazini na zile za mashirika ya wenyeji. Za wageni, ukihesabu na nauli, zilifikia takribani dola 30,000 kila moja; za wenyeji, takribani dola 2,000. Tena hakuona tofauti ya maana katika maisha ya waliojengewa. Kwa habari ya ujenzi, nakubali kabisa: pesa zitumwe, watu wabaki kwao. Lakini kijana wa Ucheki anamfuata mtu wa kuzungumza naye Kiingereza, na mtu hatumwi kwa benki. Pale wenyeji wanapoweza kufundisha wenyewe, timu ipungue bila manung'uniko.

Wengine husema Kiingereza ni chambo. Ni chambo kweli ikiwa mzazi hakuelezwa. Tangazo la kambi litaje wazi kwamba Biblia itazungumzwa, na kijana asiyetaka mazungumzo ya jioni aachwe kwa heshima. Kinyume cha hayo ni hila, na anayeifanya anaidhalilisha Injili yenyewe.

Tena wapo wanaoshangaa mmisionari kupelekwa katika nchi ya Jan Hus, mwanamatengenezo wa Kanisa aliyemtangulia Luther. Watanzania tuna sababu ya kutoshangaa. Wakimbizi wa imani kutoka Moravia, eneo ambalo leo liko Ucheki, walianzisha kijiji cha Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1722; mwaka 1732 wamisionari wa kwanza walitoka hapo, na mwaka 1891 wenzao walifika Rungwe. Leo Tanzania ina Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote, kwa kuwa wainjilisti na walimu wenyeji waliibeba kazi baada ya wageni. Makanisa yetu nayo hupokea timu za vijana kutoka ng'ambo, na mengine yanaanza kutuma zake. Kabla hujachangia nauli ya yeyote, uliza ni nani wa mahali pale atakayekutana na vijana hao kila juma baada ya kambi. Ikiwa hakuna jina la kutajwa, peleka mchango wako kwingine.