Muhogo Mchungu na Mishipa ya Fahamu

Huko Kibara, kando ya Ghuba ya Speke, muhogo ni chakula kilichozoeleka. Zao hilo hilo, mwaka 1985, kaskazini zaidi katika Mkoa huo huo wa Mara, lilihusishwa na msiba. Ukame uliikumba Wilaya ya Tarime, na watu wengi wakategemea muhogo mchungu. Baadhi yao, waliokuwa na afya njema, walikakamaa miguu yote miwili kwa ghafla. Watafiti waliorodhesha wagonjwa 39. Ugonjwa huo huitwa konzo, neno la Kiyaka cha Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa.

Je, mguu hufungwaje pasipo kamba? Amri ya kutembea hutoka katika tabaka la nje la ubongo. Nyuzi ndefu za neva, tuziite neva za juu, huishusha ndani ya uti wa mgongo. Humo huipokeza kwa neva za chini, ambazo huifikisha kwenye msuli kwa kasi kubwa. Hapo hutolewa kemikali iitwayo asetilikolini, na msuli hujikaza.

Hata hivyo, neva za juu haziamrishi tu, bali pia hutuliza. Mwanafunzi na aketi miguu ikining'inia, kisha agongwe polepole kwenye kano iliyo chini ya pia ya goti. Mguu utaruka bila yeye kukusudia, kwa sababu habari imepita katika uti wa mgongo na kurudi pasipo kungoja amri ya ubongo. Kwa kawaida neva za juu huuzuia mruko huo usizidi kiasi.

Katika konzo, neva za juu ndizo zinazoharibika. Neva za chini husalia bila wa kuzituliza. Kwa hiyo misuli hukakamaa na goti huruka kwa nguvu mno. Polio ni kinyume chake: virusi huua neva za chini, na msuli hulegea na kunywea. Ulemavu wa konzo hauponi.

Muhogo mchungu una linamarini, ambayo huzaa sumu ya sianidi. Kuuvundika na kuuanika kwa siku nyingi huiondoa sumu hiyo, lakini wenye njaa huifupisha kazi. Mwili nao huipunguza makali sianidi kwa salfa itokayo katika protini. Mlo usio na samaki wala maharage huunyima kinga hiyo. Konzo ilizuka tena mkoani Mtwara mwaka 2002 na 2003.

Kinga haihitaji mtambo. Unga wa muhogo uliokwisha kutayarishwa kwa njia ya kawaida ulowanishwe kwa maji, utandazwe kwa unene usiozidi sentimita 1, ukae juani saa 2 au kivulini saa 5, kisha usongwe ugali siku hiyo hiyo. Uliwe pamoja na dagaa wa ziwani. Wakati wa njaa, kazi hiyo ndiyo isiyofaa kabisa kufupishwa.