Baraza la Norfolk na damu ya mwaka 1922

NAIROBI ilikuwa bado mji wa mahema na mabanda ya mabati wakati Hoteli ya Norfolk ilipofunguliwa siku ya Krismasi, 1904, miaka mitano baada ya reli kutoka Mombasa kufika huko.

Jengo lake lilikuwa la mawe, paa la vigae. Uso wake wa mbele una nguzo za mbao nyeusi juu ya kuta nyeupe, kwa mtindo wa kale wa Kiingereza, na ndani mna ua wenye bustani.

Wageni wake wa mwanzo walikuwa wawindaji, pamoja na walowezi waliokaa hapo kwa muda mrefu wakingoja kugawiwa mashamba. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kuwa Rais wa Marekani, alifikia hapo mwaka 1909. Makabaila wa Kiingereza walikuwa wengi kiasi kwamba hoteli ilibandikwa jina la Nyumba ya Malodi.

Sehemu iliyopata sifa zaidi ni baraza lake linalotazama barabara. Kwa mkazi wa Tezo au Malindi, baraza ni mahali pa kumkaribisha mpita njia. La Norfolk lilikuwa kinyume: mzungu aliketi akimtazama Mwafrika ambaye hangeingia ila kwa kazi ya utumishi.

Machi 14, 1922, serikali ya kikoloni ilimkamata Harry Thuku, aliyepinga kipande, kodi na kazi ya shuruti. Siku mbili baadaye maelfu ya watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi, karibu na hoteli hiyo, wakidai aachiliwe.

Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea wanaume kwa woga wao, na umati ukasonga mbele. Askari wakafyatua risasi. Inasimuliwa kuwa walowezi waliokuwa barazani Norfolk nao walifyatua zao.

Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Serikali ilitangaza vifo 21. Hesabu nyingine zilipita 50. Thuku alihamishiwa Kismayu bila kufikishwa mahakamani.

Mwaka 1927 hoteli ilinunuliwa na Abraham Block. Desemba 31, 1980, bomu liliharibu sehemu yake kubwa na kuua watu kadhaa, kisha ikajengwa upya.

Barabara inayopita mbele ya baraza hilo sasa inaitwa Harry Thuku.