Ukiumia kazini, fidia si fedha tu

Mwendesha mashine katika shamba la ngano huko Basotu, wilayani Hanang, akipoteza vidole, jeraha linaweza kupona ndani ya miezi michache. Swali gumu huja baadaye: atafanya kazi gani na mkono huo?

Wafanyakazi wengi wanajua kwamba aliyeumia kazini hulipwa. Wachache wanajua kwamba sheria inampa pia haki ya kusaidiwa arudi kazini.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi Julai 2015. Mchango hulipwa na mwajiri peke yake; mfanyakazi hakatwi mshahara.

Mfuko unatoa nini?

Kwanza, gharama za matibabu. Pili, mfanyakazi asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Akibaki na ulemavu wa kudumu, hufanyiwa tathmini na kulipwa kulingana na kiwango cha ulemavu huo.

Kisha kuna huduma za utengamao. Hizi ni pamoja na mazoezi ya viungo, vifaa saidizi kama mguu bandia, ushauri nasaha, na mafunzo ya ufundi kwa asiyeweza kurudia kazi yake ya zamani. Dereva aliyeumia mguu, kwa mfano, anaweza kujifunza kazi ya kukaa, kama ushonaji au utunzaji wa stoo.

Ufanye nini ukiumia?

Mwambie mwajiri mara moja, hata kama jeraha linaonekana dogo. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa WCF ndani ya siku saba tangu aipate. Dai lenyewe liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali itokee.

Ukifika hospitali, iwe Haydom au kwingine, mweleze daktari kwamba uliumia kazini ili aandike hivyo. Tunza kila karatasi: taarifa za daktari, hati ya malipo ya mshahara, mkataba na majina ya walioshuhudia.

Fidia hii ni ya aliyeajiriwa. Anayelima shamba lake mwenyewe haimhusu. Lakini wewe unayelipwa ujira na mtu mwingine, usikubali kurudishwa nyumbani na nauli tu. Uliza kuhusu matibabu, na uliza pia kuhusu mafunzo.